Dohani ya Upepo

9 Februari

Rula mwanangu,

Pokea salamu zangu pamoja na za baba yako, ambaye hajui kama naandika, kwa hiyo zake nimezitunga mwenyewe. Sisi wazima, tunasukuma siku. Cherehani imekwenda kwa fundi ikarudi, na bado inaruka mishono, ila sare za shule hazichunguzwi sana. Yule binti wa jirani uliyesoma naye kajifungua mapacha, na mama yake siku hizi hatembei, anaelea.

Utajiuliza kwa nini Shangazi anaandika barua na simu ipo. Simu ipo, lakini baba yako ameiweka ile sauti ya juu na hatoki nayo mkononi, na hapa tulipopanga ni chumba na sebule nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Nikikohoa jikoni anauliza nimekohoa nini. Yapo mambo hayasemeki mbele yake, nayo ni haya.

Jengo limefika ghorofa ya tano. Kila alasiri nambebea baba yako kiti, tunavuka barabara, anakaa mbele ya duka la vipuri akielekea kiwanja chetu, yaani kiwanja kilichokuwa chetu kabla hatujawapa kwa ahadi ya fleti. Macho yake unayajua, mtoto wa jicho amekwisha kuyafunika, anachokiona ni kivuli kikubwa tu. Basi mimi ndiye mtangazaji. "Wamefika wapi?" anauliza, namwambia. Kisha anamgeukia yeyote anayepita na kumweleza dohani. Unajua habari yenyewe, lakini hujamsikia akiisimulia. "Kampuni mbili zilikuja kuniomba kiwanja nikazifukuza. Ya tatu ilikuja na mchoro wa binti yangu. Katikati ya jengo kaweka uwazi kutoka chini mpaka juu. Hewa ya moto inapanda, ya baridi inaingia kwa madirisha ya vyumbani. Mimi nimeishi na tanuri la mikate maisha yangu yote, mnaniita Mzee Moto, dohani naijua inavyovuta. Hii ni dohani ya upepo." Halafu anamalizia kwa maneno yale yale: "Nimeokwa vya kutosha. Nataka kuondoka duniani nimepoa."

Sasa swali langu. Pale katikati, palipotakiwa kuwa wazi, nimewaona wakifunga nondo na kumwaga zege. Ghorofa ya kwanza mpaka hii ya tano, pamefunikwa. Mimi kazi yangu nguo, majengo siyajui, lakini tundu nalijua, maana matundu ya vifungo natoboa kila siku. Hebu nieleze.

Kula vizuri, usiwe unakula kwenye kompyuta.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi sijambo. Samahani kwa kuchelewa, barua yako ilikaa siku nyingi kwenye sanduku la ofisi, na mimi nilikuwa nimesafiri kikazi. Wape hongera zangu wenye mapacha.

Maisha ya huku ng'ambo ni kazi na kulala. Chumba changu kina dirisha moja linaloangalia maegesho ya magari. Nimepanda maua kwenye kopo, yamekataa. Ofisini nimepewa meza karibu na mkuu wa idara, jambo ambalo wenzangu wanasema ni dalili njema, ingawa mimi naona ni kwa sababu anataka kunipa kazi bila kunyanyuka.

Uliwahi kuniuliza ninachofanya hasa, nikakujibu "majengo ya kijani" ukacheka ukasema yapakwe rangi basi. Ni hivi. Kuna kitabu cha viwango. Jengo linapimwa kwa alama: kivuli kina alama zake, maji yake, umeme, hewa, mpaka vifaa vilivyotumika. Alama zikifika kiasi fulani jengo linapewa nyota. Jengo letu linatafuta nyota nne, na wanunuzi wanaziangalia sana siku hizi. Kazi yangu ni kuhakikisha alama zinatimia.

Kuhusu pale katikati usiwe na wasiwasi. Michoro hubadilika kadiri ujenzi unavyokwenda, ni jambo la kawaida. Suala la hewa safi kwa wakazi limezingatiwa.

Shangazi, juzi kwenye simu nilimsikia Baba akikohoa kwa muda mrefu. Alisema kapaliwa na chai. Ni kweli?

Binti yenu


20 Machi

Rula,

Marahaba. Sisi wazima. Mapacha wamepata homa wakapona. Mwenye nyumba anataka tupake rangi ukuta aliouchafua mwenyewe, nimemwambia asubiri tuhame.

Kikohozi cha baba yako ni vumbi la karakana. Usikitie chumvi.

"Limezingatiwa." Nimelisoma neno hilo, nikavua miwani, nikaifuta, nikalisoma tena. Katika ukoo wetu hakuna mtu anayezungumza hivyo. Marehemu mama yako angekuuliza, limezingatiwa na nani, na yuko wapi nimwone? Usinizungushe mbuyu mwanangu. Mimi ndiye niliyekufunza kushika penseli, na jina la Rula nilikupa mimi, kwa vile ulikuwa unachora mistari mpaka kwenye vitambaa vya wateja.

Nikwambie hali ilivyo hapa. Baba yako ameanza kualika watu. Amemwalika muuza vipuri aje kupunga upepo kwake jengo likiisha. Amemwalika mchomeleaji. Amemwalika hata yule mwanamke wa duka la dawa ambaye miaka yote baba yako alikuwa anasema bei zake ni wizi. Jana tulikuwa tumekaa, akanigusa mkono. "Dohani imefika wapi?" Nikatazama pale juu, zege tupu, vibarua wanatembea juu yake na toroli. Nikamwambia, "Imepanda, kaka. Inaonekana mpaka huku." Akatikisa kichwa, akacheka peke yake, akasema, "Mtoto huyu!"

Kaka yangu huyu tumelala mkeka mmoja tukiwa wadogo. Sijawahi kumdanganya ila kwenye chumvi ya mboga. Jana nimemdanganya kwa jambo kubwa kuliko yote anayoyataka, na nimelala vibaya. Sitaki maelezo ya kitabu. Nijibu kwa neno moja, lile tundu lipo au halipo.

Shangazi


29 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo na kazi inaendelea. Mimi mzima wa mwili. Huku baridi imepungua, watu wamevua makoti. Nimehamia chumba kingine chenye jiko lake. Mwenzangu mmoja wa ofisini ameolewa, nilimshoneshea nguo kwa fundi wa huku, ukiiona mishono yake utalia. Najua nimekaa kimya muda mrefu. Nimeianza barua hii mara nyingi na kila nikifika hapa naacha.

Halipo.

Mwaka jana, kabla nguzo hazijasimama, tuliitwa kwenye kikao. Mwenye mradi alikuwa ameona kwamba ule uwazi unakula nafasi ya chumba kizima katika kila ghorofa. Akauliza, "Hili tundu linaniuzia nini?" Nikamweleza, hewa, joto kupungua, watu kuishi bila kuwasha mashine. Akanisikiliza vizuri, kwa kweli ni mtu mpole. Kisha akasema, "Hewa haina hati ya umiliki." Watu wakacheka. Nikamwambia nyota zitapungua. Ndipo akaniuliza, "Tutazipata wapi kwingine?"

Na mimi nilikuwa najua. Ndiyo kazi yangu, Shangazi, kujua. Chai haijapoa nilikuwa nimekwisha kuwapangia. Mabomba yanayobana maji, taa zinazojizima zenyewe, mimea ya kutambaa kwenye ukuta wa mbele, feni ndogo za kuvuta hewa kwenye kila fleti, maegesho ya baiskeli. Alama zilitimia na nyingine zikabaki. Mkuu wa idara alinipiga bega mbele ya watu. Nilijisikia mwerevu. Hili ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilijisikia mwerevu siku nzima, nikapanda basi nikiwa najisikia mwerevu, mpaka nilipovua viatu nyumbani ndipo nikakumbuka ile ni nyumba ya nani.

Ningeweza kurudi kesho yake nikapinga. Nilijiambia wangemleta mwingine na mambo yangekuwa yale yale. Labda ni kweli. Sikurudi.

Nipige simu nimwambie Baba? Niambie wewe, mimi sina uso.

Rula


14 Juni

Rula,

Marahaba. Tupo.

Baiskeli! Nimekaa na barua yako kwenye cherehani mpaka mteja kaniuliza kama nimefiwa. Baba yako hajapanda baiskeli tangu alipoanguka na kapu la mikate mbele ya kanisa zima, na wewe hadithi hiyo unaijua, ulikuwa unaichekea. Umemnyang'anya baba yako upepo, ukampa maegesho ya baiskeli. Mmetupiga changa la macho, wewe na kitabu chako.

Nimemaliza. Sasa na mimi nina langu, na usinijie juu, niliapishwa. Si vumbi la karakana. Nilimpeleka kwa daktari tangu mwezi wa kwanza. Ni mapafu. Unga na moshi wa miaka yote ile umekaa ndani, umegeuka ukuta. Daktari alisema hakuna dawa ya kuyarudisha, kilichobaki ni kumweka mahali hewa inapopita, asikae kwenye joto, asikae palipofungwa. Baba yako alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia, "Basi hapo hakuna shida, daktari. Binti yangu ananijengea." Njiani akanishika mkono nile kiapo nisikwambie, kwa maana ungeacha kazi ukaja kukaa naye. Nikala.

Usimpigie. Ukimwambia leo, ataishi miezi hii yote akitazama lile zege kwa masikio. Tafuta njia. Kule pembeni mwa jengo, upande wa barabarani, naona fleti zina madirisha pande mbili. Waambie wakubadilishie. Wewe ndiye uliyewapa nyota zao, hawawezi kukunyima dirisha.

Shangazi


10 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama wote, na Baba vilevile. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya posta, nikakaa chini hapo hapo, mtu mmoja akaniletea maji. Tangu mwezi wa kwanza, Shangazi! Kila Jumapili nazungumza naye, ananiuliza kama nimekula.

Nimejaribu. Nilianza na mkuu wa idara, akanituma kwa watu wa mauzo, wa mauzo wakanirudisha kwa mwanasheria. Fleti za pembeni ziliuzwa zote kwenye michoro, kabla hata msingi haujachimbwa. Nilimwandikia mnunuzi mmoja kumsihi tubadilishane, akajibu kwa adabu kwamba naye ana mama mzee. Mkataba wa Baba unasema ghorofa ya tatu, upande wa ndani, na saini yake ipo. Nikamfikia mwenye mradi mwenyewe. Alisikitika kwa dhati. Akaniambia kama kumuenzi mwenye kiwanja, wataandika jina la Baba kwenye sehemu moja ya maegesho ya baiskeli. Sikujua nicheke au nimtukane. Nilimshukuru, Shangazi. Mdomo wenyewe ulimshukuru.

Sikiliza sasa. Ile feni ya ukutani msiizime kabisa, mchana na usiku. Nimepiga hesabu upya ya chumba cha Baba peke yake, ukubwa wake, dirisha lake, na hiyo feni. Ikiwa inazunguka muda wote, hewa inatosha. Si nyingi, lakini inatosha. Kitanda kisikae ukutani, kivutwe kielekee mlangoni, na mlango uwe wazi.

Anakohoa sana asubuhi au jioni? Niandikie, usinifiche tena.

Rula


25 Oktoba

Rula,

Marahaba. Tumehama. Mapacha wanatambaa, mama mtu na bibi yao walikuja kutusaidia kubeba vyombo. Cherehani ilipanda na lifti peke yake, kwa sababu wanaume walisema ni nzito na mimi ndani hatutaenea. Nilipanda ngazi nikaikuta inanisubiri.

Fleti ni nzuri, sitakuwa mnafiki. Vigae vinateleza kwa usafi. Bomba la jikoni ukifungua linatoa maji kama linafikiria kwanza. Taa za korido zinajizima ukiwa bado unatafuta ufunguo, nimejigonga goti. Ukuta wa mbele umeota majani na watu wanakuja kupiga picha.

Chumba cha baba yako dirisha lake linatazama ukuta. Ukinyoosha mkono na ufagio unaugusa. Nyuma ya ukuta huo kuna jiko la watu, yaani ndipo ilipokuwa iwe dohani, sasa kunakaangwa vitunguu. Siku tuliyoingia baba yako alitangulia, akapapasa ukuta mpaka dirishani, akalifungua mwenyewe, akasimama. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Alisimama sana. Kisha akasema, "Vizuri. Kazi nzuri." Akauliza kitanda kiko wapi.

Feni kamati ya wakazi inaizima asubuhi na kuiwasha jioni, kwa vile zote zinaendeshwa na swichi moja chini na gharama yake tunachangia wote, na wengi mchana hawapo. Nilikwenda kuwaeleza kuhusu mgonjwa. Walinisikiliza. Wakasema watalizingatia.

Zaidi ya hapo sina habari.

Shangazi


12 Novemba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena! Natumaini hamjambo. Mimi leo ni mzima kweli, si kwa kuandika tu. Yale maua ya kwenye kopo niliyoyahamisha na chumba yametoa kijani kidogo, na nimefunga virago nusu, utaona kwa nini.

Barua yako ilinivunja nguvu. Ile habari ya feni niliisoma nikaandika barua kali kwa kamati, bado hawajanijibu. Lakini Jumapili nilipompigia Baba, nikapiga moyo konde nikamuuliza moja kwa moja, "Baba, chumbani hewa inapita?" Akasema, "Unaniuliza nini wewe uliyechora? Ngoja usikie." Nikasikia anatembea, anahema, kiti kinavutwa. Halafu, Shangazi, nikausikia. Upepo, mrefu, unavuma kwenye simu kabisa! Akasema, "Umesikia? Ndivyo unavyopiga siku nzima." Nililia nikamwambia nina mafua.

Sielewi unatoka wapi. Nimekaa na michoro tangu siku hiyo. Labda ngazi inavuta, labda kuna mwanya kati ya majengo mawili ambao hatukuupima. Hesabu hazisemi hivyo, lakini hesabu zimeshawahi kukosea. Pengine nilimfanyia Baba ubaya na jengo lenyewe likamhurumia.

Kwa vyovyote, nimeomba likizo. Nitakuja mwezi ujao, mwanzoni. Nataka kukaa mbele yake nimwambie yote, kikao, baiskeli, jinsi nilivyojisikia mwerevu. Nataka aniseme, anitukane kama ana haja, kisha anisamehe. Siwezi kuendelea kuzungumza naye kila Jumapili na jambo hili likiwa limenikaa kooni. Sasa kwa kuwa upepo upo, hata kusema kutakuwa rahisi.

Rula wenu


30 Novemba

Rula mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba maua yameshika. Mimi mzima, magoti tu. Sare za muhula mpya zimeanza kuletwa, chumba changu kimejaa vitambaa mpaka kitandani.

Soma haya ukiwa umekaa.

Upepo uliousikia ni wa lifti.

Aliugundua juma lile tulilohamia, tukitoka kwa daktari. Lifti ilifika ghorofani kwetu, milango ikafunguka, na ile hewa ya baridi inayokaa ndani ya tundu lake ikatoka nasi. Baba yako akasimama mlangoni, mkono juu, watu nyuma yetu wanasubiri. Kesho yake akaniambia nimtolee kiti koridoni. Akakiweka mbele ya lifti, karibu na kitufe. Anabonyeza, inakuja, milango inafunguka, hewa inampiga usoni, milango inajifunga. Anapumzika. Anabonyeza tena. Katika jengo lote tundu lililobaki kutoka chini mpaka juu ni hilo, na yeye haoni lakini alilipata. Alikuwa anakaa hapo kuanzia wanapozima feni mpaka wanapoiwasha. Na Rula, nikwambie ukweli, alikuwa anapata nafuu. Alikuwa anamaliza sentensi.

Watoto walimcheka kwanza, wakamzoea. Wakubwa ndio walionung'unika. Lifti inaitwa juu bure, wao wako chini na mizigo. Msimamizi wa jengo alikuja, kijana mwenye adabu, akachuchumaa mbele ya kiti akamweleza. Baadaye kamati ikabandika tangazo hapo hapo juu ya kitufe. Hili ni jengo la kijani, kila safari ya lifti inakula umeme, wakazi wanaombwa wasiite lifti bila kusafiri, matumizi yakizidi kiwango jengo linaweza kupoteza nyota zake. Baba yako alinisikia nimenyamaza, akaniambia nisome. Nikasoma. Nilitaka kuruka mstari nikashindwa, uongo wangu wote nimeshautumia.

Akauliza, "Nyota zenyewe ni zile za mtoto?"

Nikamwambia ndizo.

Akasema, "Basi rudisha kiti ndani. Tusimharibie."

Tangu hapo hatoki. Jumapili ile ulipompigia ndiyo mara pekee aliyotoka, na alitoka kwa ajili yako. Mimi nilisimama kwenye kona ya korido nikilinda kama mwizi, yeye akabonyeza, akakuelekezea simu mlangoni. Tuliporudi ndani ilimchukua muda mrefu kupata pumzi, lakini alikuwa anatabasamu. "Umeona alivyofurahi?" akaniuliza.

Anajua, Rula. Alijua siku ile aliyofungua dirisha. Hajataja dohani tena tangu siku hiyo, yeye aliyekuwa anaitaja kwa kila mpita njia. Muuza vipuri alikuja kutembea, mwenyeji wake akamkalisha chumbani, wote wawili wakitokwa jasho, akamwambia, "Unaona kulivyo?" Muuza vipuri akatazama ule ukuta, akanitazama mimi, akasema, "Kweli Mzee Moto, kumetulia."

Sasa usije kuomba msamaha. Najua umekukaa kooni, na mimi ningekuwa wewe ungenikaa. Lakini ukimwambia, atataka kukubembeleza. Atataka kukueleza kwamba si kosa lako, atatafuta maneno mengi, atasema habari za tanuri, atakufuta machozi. Hiyo ni kazi, mwanangu, na pumzi ya kuifanya hana. Daktari amesema tusihesabu miezi. Nilikula kiapo kingine nisikwambie hilo, lakini viapo vya baba yako nimechoka navyo.

Usisubiri mwezi ujao. Panda ndege juma hili. Kamati nitakwenda kuwapigia kelele mwenyewe kuhusu feni, ulimi bado ninao. Wewe njoo, umwamkie, ukae kitandani karibu na dirisha. Kuna joto, utatoka jasho, usijipepee. Atakushika mkono, atakuuliza kama unapata upepo.

Mwambie unaupata.

Shangazi yako